Mwalimu Anakuja kwa Plagi

Wengi wenu mlipangiwa mazoezi ya kufundisha shule za kando ya lami. Mimi nilipangiwa kisiwani, ng'ambo ya mwalo wa Nkome, Geita.

Kwenye mtumbwi wa injini kila mtu ana kazi. Kijana mmoja anachota maji kwa dumu lililokatwa, akina mama wanapanga magunia ya unga yasilowe. Mimi nilipewa mtoto wa watu nimpakate.

Katikati ya ziwa injini ikakohoa, ikazima. Nahodha akavuta kamba mara tano, kimya. Akafungua plagi, akaifuta kwa kipande cha kanga. "Petroli ina maji, mwalimu," akaniambia, kama vile mimi ndiye fundi. Mtumbwi ukaanza kuyapa mawimbi ubavu. Nikahesabu: watu 17, maboya 4.

Nikaikumbuka MV Nyerere, Ukara, 20 Septemba 2018. Kivuko cha abiria 101 kilipinduka, wakafa zaidi ya watu 200.

Nahodha alimwaga ile petroli, akaweka ya akiba, injini ikawaka. Jumatatu niliingia darasani.

Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, na tumelishangilia kweli. Ila visiwani mwalimu bado anafika kwa kamba na plagi. Basi chuo kikitupanga huko, barua ya utambulisho iambatane na boya. Viongozi wetu wa wanafunzi, hilo lipelekeni kikaoni kabla ya mazoezi yajayo.