Namba ya Sikinde

Juzi, tukifunga vyombo kabla ya shoo, kijana anayepiga solo aliniuliza: "Mzee, lile gitaa la bendi ya Sikinde ya zamani ni preseti namba ngapi?" Hakuwa akitania. Alikuwa ameinamia prosesa yake, kidole tayari kwenye kitufe.

Namba! Enzi zile waya ulichomekwa kwenye ampilifaya, kazi ikaanza. Mwangwi, kama ulikuwepo, ulikuwa wa ampilifaya yenyewe au wa kuta za ukumbi.

Mimi prosesa nilianza na Zoom 505, kidude cha Kijapani chenye pedali mbili na tarakimu zinazowaka, kinachokula betri moja ya volti 9. Kilitoka katikati ya miaka ya 1990. Nasema nilikipata 1997. Mwenzangu wa ridhim anabisha kuwa ni 1999. Haidhuru.

Nilikipeleka kwa fundi wetu wa Mtaa wa Livingstone, Kariakoo. Kibanda kilinuka risasi ya kuchomea na kahawa chungu. Redio zilizofumuliwa zilipanda hadi darini. Gitaa hakujua kulipiga, lakini masikio yale! Alinisikiliza nikipitia sauti za kiwandani, karibu zote zimejaa mkwaruzo na mwangwi. "Hizi zimepangwa ziuze mashine," akasema. Akaniamuru nizime kila kitu, nibaki na gitaa tupu, ndipo niongeze koras kidogo na eko fupi. Tena akanikataza kutafuta sauti usiku chumbani. Gitaa likiwa chini, sikio halishiki vizuri besi wala nyuzi nyembamba, kwa hiyo unaziongeza. Ukifungulia ukumbini, besi inavuma na nyuzi nyembamba zinachoma. Akahakikisha pia preseti zangu zinalingana kwa nguvu, nisije nikabadili kwenye chemko nikamfunika mwimbaji. Mchana mzima ule alinitoza hela ya soda, na soda yenyewe tukanywa wote.

Kibanda sasa ni ghorofa la vifuniko vya simu. Zilikuja prosesa za Boss na Line 6, kisha Kemper inayonakili ampilifaya ya mtu. Siku hizi hata simu inatosha. Mashine nzuri, sikatai, kuliko kidude changu kwa mbali. Ila vijana wanapakua sauti ya mtu mwingine, wanaijaribu kwa hedifoni, na Jumamosi gitaa linazama nyuma ya kinanda. Ukimwambia mmoja apunguze mwangwi anakujibu: "Mzee, ndivyo ilivyokuja."