Kompyuta ilimtaja mama wa watu

Najua nimepotea, wiki tatu nzima sijaandika kitu humu na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Hapana bwana, bado nipo, mwaka wa tatu unasonga, bumu halijatoka na maharage ya kantini ndiyo rafiki yangu wa kweli kwa sasa. Kilichoninyamazisha ni aibu. Leo nimekaa hapa kwenye kimbweta, umeme umekatika bwenini, nikasema acha niiandike tu, maana nikiifunika nitairudia.

Wale wa siku nyingi mnakumbuka likizo ndefu iliyopita niliandika kwa mbwembwe kwamba nimetengeneza programu ya kikoba cha mama. Kina akina mama 25. Kila Jumapili wananunua hisa, wanakopeshana, na Desemba wanavunja kikoba na kugawana. Mama ndiye mweka hazina. Miaka yote alikuwa anaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, mimi msomi nikamwambia mama, zama zimebadilika. Nikaiandika kwa Python, nikaiweka kwenye laptopu yangu ya zamani, nikamfundisha mdogo wangu wa kike aliye kidato cha tatu namna ya kuingiza namba. Orodha ya kwanza ya wakopaji nilichapa kwa mkono wangu mwenyewe mwezi wa tisa kabla sijarudi chuo. Shikeni hapo, tutarudi.

Programu hiyo hiyo ndiyo proji yangu ya mwaka wa mwisho. Sasa usiku wa kuamkia siku ya kumwonyesha supavaiza, ikawa inakwama. Kila nikiiendesha inadondoka katikati na kunimwagia mistari ya makosa. Saa nane usiku, macho yamejaa mchanga, sikutafuta chanzo. Nikazungushia try na except, na ndani ya except nikaweka print(e). Basi. Mistari ikapotea, ripoti ikatoka, nikalala. Asubuhi supavaiza akatingisha kichwa kwa kuridhika.

Kwa wale wenzangu wa sheria na ualimu mnaosoma humu, ngoja nieleze kidogo. Programu ni kazi zinazotumana: hii inaita ile, ile inaita nyingine, kila moja inasubiri jibu. Kazi ya chini kabisa ikikwama, Python inakuandikia njia nzima iliyopitiwa: faili gani, mstari wa ngapi, nani alimwita nani, na mwishoni jina la kosa. Sisi tunaiita tresibaki, mimi napenda kuiita nyayo. Mwaka wa kwanza tulipofundishwa Java nyayo zilikuwa zinaanza na kosa lenyewe juu, kisha unashuka kwenda kwa waliolisababisha. Python ni kinyume, kosa liko chini kabisa, ndiyo maana mtu wa Java akija huku anasoma mstari wa juu na kutoka mtupu.

Nilichofanya mimi usiku ule ni kuzifuta nyayo zote na kubakiza ujumbe tu. Na ujumbe peke yake wakati mwingine hauna maana yoyote. Mfano mzuri ni KeyError, yaani umetafuta kitu kwenye orodha kwa jina lake na jina halipo. Ukichapa kosa hilo kwa print(e) haliandiki neno kosa, wala halisemi kinatafutwa nini au wapi. Linaandika lile jina tu, ndani ya alama za kunukuu. Halafu linanyamaza.

Sasa msikie yaliyotokea.

Jumapili moja Desemba mdogo wangu akanipigia. "Kaka, huku kuna ugomvi." Kuna mama mmoja wa kikoba, anauza vitumbua stendi, namba yake ya uanachama ni M14. Alikopa laki tatu, na riba ikawa 330,000. Akarejesha mara tatu, Oktoba, Novemba na Desemba, kila mara 110,000. Kwenye daftari la mama yapo yote na saini yake. Kwenye ripoti ya kompyuta anadaiwa 330,000, hajalipa hata senti. Na kikoba kinavunjwa wiki mbili zijazo, mwenye deni anakatwa kwenye hisa zake.

Nikamuuliza, kompyuta imeandika nini kingine? Akasema: "Imeandika M14. Mara tatu. Peke yake, juu ya ripoti. Mwezi wa kumi iliandika mara moja, wa kumi na moja mara mbili, sasa mara tatu. Mimi nilidhani inakumbusha."

Jamani, nilihisi tumbo limeshuka. Print(e) yangu ile. Rejesho moja limekwama, 'M14'. La pili limekwama, 'M14'. Akina mama 25 wamekaa kwenye mkeka wanatazama kioo cheusi na kompyuta ya msomi inamtaja mtu kwa namba yake, mara tatu, bila maelezo. Wewe ungeelewaje? Walielewa hivyo hivyo: kompyuta imemkamata.

Mama akaleta daftari. Ndipo mambo yakaharibika zaidi. Mmoja akasema daftari ni mwandiko wa mweka hazina, na mweka hazina na muuza vitumbua wanaitana shoga tangu ujana wao, na kompyuta haina shoga. Kuhesabu pesa za sandukuni kusingesaidia kwa haraka, kwa sababu pesa za kikoba hazikai, zinaingia kwa huyu zinatoka kwa yule. Kwa hiyo sasa hakuwa mtu mmoja anayetuhumiwa, walikuwa wawili, na wa pili ni mama yangu mzazi.

Nikamwomba mdogo wangu anitumie mafaili yote kwa WhatsApp nichunguze. Mama akachukua simu. "Hapana baba. Madeni ya watu hayatembei kwenye simu. Niliwaapia." Nikajua hapa ni lazima kosa lenyewe liongee, mimi nikiwa mbali.

Jaribio la kwanza nikaondoa try yote, nikamtumia faili jipya la programu, nikamwambia iendeshe inakili kila kinachotokea. Akapiga: "Kaka, dirisha limewaka likazima." Si unajua tena, ukibofya programu mara mbili kwenye Windows, ikidondoka na dirisha lake jeusi linafunga pamoja na maneno yote. Nyayo zimechapwa, ila zimechapwa juu ya maji.

Hapo ndipo nikafungua maelezo ya moduli ya traceback kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, mwaka wa tatu huu, msinicheke. Kumbe iko print_exc, inayochapa nyayo nzima kwenye skrini bila programu kufa. Na iko format_exc, ambayo haichapi kitu, inakupa nyayo zote kama maandishi, halafu wewe unaamua unayapeleka wapi. Nikachagua hiyo ya pili. Ndani ya except nikafungua faili makosa.txt kwa kuongezea mwishoni, si kufuta ya nyuma, nikaandika tarehe na saa, nikaandika format_exc, nikafunga. Mistari minne tu.

Nilishawishika pia na kitu kingine. Ile moduli, tangu toleo la 3.5, ina TracebackException, na ukiiambia capture_locals=True inachapa hadi thamani za vigeu vilivyokuwa ndani ya kila fankisheni wakati wa ajali. Kwa fundi ni tamu sana. Lakini kwenye programu yangu maana yake ni orodha nzima ya marejesho ya akina mama wote ingemwagika kwenye faili ninalotaka kutumiwa. Nikakumbuka kauli ya mama, nikaiacha.

Jioni likaja faili. Lilikuwa na mambo matatu yanayofanana, kila moja hivi:

    File "C:\kikoba\ripoti.py", line 61, in andaa_ripoti
      ingiza_rejesho(r)
    File "C:\kikoba\ripoti.py", line 37, in ingiza_rejesho
      punguza_deni(r["namba"], r["kiasi"])
    File "C:\kikoba\ripoti.py", line 22, in punguza_deni
      deni[namba] = deni[namba] - kiasi
    KeyError: 'M14'

Someni kutoka chini. KeyError, M14 haipo. Haipo wapi? Mstari wa 22, kwenye deni, yaani orodha ya wakopaji. Aliyeita ni ingiza_rejesho, maana yake rejesho lilifika salama, lilisomwa, lina namba na lina kiasi. Pesa ilikuja. Kilichokosekana ni mahali pa kuiweka. Laptopu ile ni ya Windows 7 na Python inayoikubali inaishia 3.8. Ingekuwa 3.11 ya mwaka 2022 au ya baadaye ingenichorea hadi vialama chini ya kipande chenyewe kilichokwama. Lakini hii ilinitosha kabisa. Haikuwa tena M14 inayoelea peke yake kwenye kioo cheusi, ilikuwa na mwanzo na mwisho.

Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia afungue faili la wakopaji kwa Notepad, atafute mstari wa yule mama, anisomee kila kitu, herufi kwa herufi, hata nafasi tupu.

"M. Moja. Nne. Nafasi. Mkato. Tatu, tatu, sifuri..."

Nikamwambia rudia hapo kabla ya mkato.

"Nafasi, kaka. Wengine hawana. Huyu ana nafasi."

Ndiyo hiyo. Mwezi wa tisa, mkono wangu mwenyewe, kidole kimegusa kitufe cha nafasi baada ya M14. Kwa jicho huoni. Kwa kompyuta, M14 na M14 yenye nafasi nyuma yake ni watu wawili tofauti, mmoja anadaiwa asiyelipa, mwingine analipa asiyejulikana. Dawa yake ni strip(), inayopangusa nafasi za pembeni, neno moja tu. Lakini hiyo nafasi si ndiyo dhambi kubwa, kila mtu huchapa vibaya. Dhambi ni kwamba programu ilijua tangu Oktoba. Ilijua mstari, ilijua njia, ilikuwa tayari kusema kila kitu, mimi ndiye niliyeiziba mdomo ili nionekane nimemaliza kazi.

Jumapili iliyofuata niliomba niwekwe kwenye spika mbele ya kikao. Sijawahi kutetemeka vile hata mbele ya paneli. Nikasema shikamooni mama zangu, nikasema kosa ni langu, si la mama namba 14 wala la mweka hazina, nikawaeleza hiyo nafasi. Kimya. Halafu yeye mwenyewe muuza vitumbua akasema: "Marahaba mwanangu. Nimekusamehe. Ila siku nyingine hiyo kompyuta yako ikikosea, iseme imekosea yenyewe."

Wadau, nimesoma mihadhara mingi ya kushughulikia makosa kwenye programu, hakuna ulioniingia kama huo.

Basi nimebadilisha. Sasa rejesho likikwama, nyayo zote zinaenda kwenye makosa.txt na tarehe yake, huko ni kwangu mimi. Kwenye skrini haitoki tresibaki, maana ile ni lugha ya fundi na inamtisha mtu bure, na wala halitoki jina au namba ya mtu. Yanatoka maneno haya: "Programu imeshindwa kuingiza rejesho moja. Hili ni kosa la programu, si la mwanachama. Ripoti hii haijakamilika, tumieni daftari." Na jumla haichapwi kabisa mpaka kosa lirekebishwe. Na mama nimemwambia daftari lisitupwe.

Supavaiza nilimfuata ofisini nikamwambia ukweli kuhusu ule usiku. Alinitazama muda mrefu, akasema niiandike yote kwenye ripoti ya proji, sura ya majaribio. Alama sijui zitakuwaje, hilo tuliache.

Kikoba walivunja, yule mama alipata hisa zake zote. Lakini nilipompigia mama juzi nikamuuliza kama shoga yake amejiandikisha mzunguko mpya, akanyamaza kidogo, akasema, "Atakuja. Mwache apumzike." Hiyo nayo sina strip() ya kuiondoa.

UE zinakaribia, umeme umerudi, naingia ndani. Na wewe uliye na except yenye pass ndani yake mahali fulani, kaifungue usiku huu huu. Tuonane panapo majaaliwa.