Njia Tuliyoipita Bila Kusimama

Mtu akikaa mjini miaka mingi hudhani anaijua nchi yake, kwa sababu anajua majina ya mahali. Sisi nasi tulikuwa watu wa namna hiyo. Tulizaliwa Lubumbashi, tukasoma humo, tukapata kazi na nyumba humo. Njia ya Likasi tumeipita mara nyingi kwa ajili ya misiba na arusi, lakini tulikuwa ndani ya basi, tumebanana, tukitazama mgongo wa mtu aliyekaa mbele yetu. Kama mtu angetuuliza: Kuna nini kati ya Lubumbashi na Likasi? tungejibu: Kuna kilomita 120.

Basi, katika mwezi wa 9 wa mwaka 2022, sisi watoto watatu wa mama mmoja tulifanya shauri. Tulisema: Wageni wanatoka mbali kuja kutazama nchi yetu, nasi hatujaitazama. Tuchange fedha, tukodi motokari na mwongozi kwa siku moja. Isiwe safari ya watu wengi, ambapo kila mtu anamngoja mwenzake. Iwe safari yetu peke yetu, iliyokatwa kwa kipimo chetu, kama vile mshonaji anavyokata nguo.

Mwongozi alikuja nyumbani siku tatu kabla, akakaa, akatuuliza tunataka kuona nini. Yaya wetu, aliyetoa fedha nyingi kuliko sisi, alikuwa ameandika yote katika karatasi: ziwa Tshangalele, misioni ya Kapolowe, kilima cha shaba, chakula kando ya maji, picha wakati jua linapotua. Alitaka na maporomoko ya Lofoi, kule Kundelungu, ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 300. Mwongozi akacheka kidogo, akasema: «Papa, Lofoi haiingii katika siku moja. Hayo mengine yanaweza. Lakini jueni neno hili: siku hiyo motokari ni yenu. Mkitaka kusimama mahali popote, semeni tu, nitasimama.»

Neno hilo tulilifurahia sana. Tutalikumbuka mbele.

Motokari ilikuwa na viti vitano. Mwongozi ndiye aliyeshika usukani, nasi tulikuwa watatu. Kiti cha tano yaya alikuwa amempa rafiki yake mwenye kamera nzuri. Mama yetu, aliyekuwa na miaka 77, tulikusudia kumwacha alinde nyumba. Hatukuona ubaya. Tulisema: Mama magoti yanamsumbua, naye nchi ile aliiona zamani. Lakini usiku wa kuamkia safari yule rafiki alishikwa na malaria. Ndipo tukamwambia mama: «Jitayarishe, nafasi imepatikana.» Alijibu: «Ndiyo, wanangu,» akachukua kikwembe chake kizuri na rozari. Kwa hiyo mama yetu alikwenda kwa nafasi ya mgonjwa, si kwa sababu tulimkumbuka.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kulipokucha tulikuwa tumeuacha mji nyuma. Malori ya madini yalikuwa yakipishana nasi mmoja baada ya mwingine, na kandokando ya njia vijana walisukuma baiskeli zenye magunia ya makala marefu kuliko wao wenyewe. Miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya. Katika mwezi ule, kabla mvua haijaanza, majani hayo hayatoki ya kijani. Hutoka mekundu na ya rangi ya shaba, hata pori lote likaonekana kama linawaka moto bila moshi. Sisi tulishangaa kama wageni.

Mwongozi alisimama kwanza penye kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba. Tulisema: Vichuguu tunavijua. Yeye akasema: «Mnavijua kwa macho. Wataalamu walipima umri wa vichuguu vya namna hii karibu na Lubumbashi, wakatangaza mwaka 2015 kwamba kimoja kina miaka zaidi ya 2,000.» Tukanyamaza. Miaka 2,000! Maana yake mchwa walianza kukijenga karibu na wakati Bwana wetu alipotembea katika Galilaya. Akatueleza tena kwamba wafua shaba wa zamani walijenga tanuri zao kwa udongo wa vichuguu, kwa kuwa unavumilia moto. Na leo matofali mengi ya nyumba za Lubumbashi hutoka katika udongo huohuo. Watu hukichimba kichuguu kidogo kidogo, na miti iliyo karibu huikata ili kuchoma matofali. «Mji wenu,» alisema, «unakula pori hili kwa midomo miwili: matofali na makala.»

Hapo mama, ambaye alikuwa hajasema neno tangu nyumbani, alinyosha kidole. «Mwanangu,» akamwambia mwongozi, «ule juu ya kichuguu ni mupundu. Huo hawaukati, kwa sababu ya matunda yake. Na ule pale ni musuku. Ule mwingine ni muputu, magome yake tulifungia mizigo.» Mwongozi akamwuliza kuhusu mukula. Mama akasema mukula ulikuwa mwingi zamani, damu yake nyekundu walipakaa, lakini hauoni tena. Mwongozi akamweleza jinsi wafanya biashara walivyoukata na kuupeleka ng'ambo katika miaka hii ya mwisho. Wawili hao waliongea muda mrefu. Sisi tulipiga picha.

Tuliendelea. Baada ya mwendo mwingine, kabla ya kufika Luishia, njia ilikaribia reli. Mama akainuka kidogo kitini, akatazama nje, akasema kwa sauti ndogo: «Tungesimama hapa kidogo.»

Mwongozi alianza mara moja kupunguza mwendo. Lakini yaya akatazama saa yake. Akasema: «Mama, tukirudi. Kilima cha shaba kinatungoja, na jua linapanda.» Mwongozi akatutazama sisi wengine katika kioo, akingojea neno letu. Hatukusema kitu. Tulidhani mama anataka kununua makala, kwa maana magunia yalikuwa yamepangwa kando ya njia. Mwongozi akakanyaga mafuta. Mama akakaa vizuri, akashika rozari yake.

Kilima cha shaba kilitufurahisha. Hakina miti mikubwa, ingawa pori linakizunguka pande zote. Shaba iliyomo katika udongo ni sumu kwa miti mingi. Huota nyasi na maua machache yanayoweza kuivumilia, na watafuta madini walijifunza kuyafuata maua hayo ili kujua penye shaba. Wazee wetu walijua kutazama. Waliokota mawe ya kijani, wakayayeyusha, wakafanya misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha, ikafika mbali sana na Katanga. Monsinyori de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926 akiwaita «walaji wa shaba». Hivyo mali ya Katanga haikuanza na reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910.

Halafu tuliacha njia kuu, tukaenda Kapolowe, tukaiona misioni iliyoanzishwa na Mapadri Wabenediktini, tukafika ziwani. Maji yalikuwa matulivu, mitumbwi ikipita, ndege weupe wakisimama katika matete. Sisi tulidhani ziwa hilo limekuwako tangu Mungu alipoumba nchi. Kumbe sivyo! Ni mto Lufira uliozuiwa kwa ukuta kule Mwadingusha, penye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet, kwa jina la mtaalamu wa mawe Jules Cornet. Mwaka 1930 mitambo ilianza kutoa umeme kwa ajili ya Union Minière, na bonde lililo nyuma ya ukuta likawa ziwa. Mwaka 1982 UNESCO iliandika bonde la Lufira kati ya mahali pa kutunzwa duniani. Lakini tuliona nyaya kubwa za umeme zikipita juu ya nyumba za nyasi, na jioni katika nyumba hizo waliwasha koroboi.

Tulikula bukari na kambale wabichi kando ya maji. Jua likatua, yaya akapata picha zake. Yote yaliyoandikwa katika karatasi yalitimia. Tulipopita tena karibu na Luishia ilikuwa usiku mweusi, malori yalitupiga macho kwa taa zao. Hapakuwa na njia ya kusimama. Hatukumbuki hata kama tulimwomba mama radhi.

Nyumbani, baada ya chai, mmoja wetu alimwuliza kwa mchezo: «Mama, ulitaka makala ya nini? Hapa nyumbani yako.»

Mama akasema: «Si makala. Nimemzika mtoto pale.»

Ndipo tukasikia habari ambayo hatujaisikia tangu kuzaliwa. Katika mwaka 1966, mwaka ule Elisabethville ilipopewa jina la Lubumbashi, baba yetu alikuwa kibarua wa reli ya BCK, akikaa na mama katika kambi ndogo ya watengeneza njia. Hapo mama alizaa mtoto wake wa kwanza, mwanamume. Aliishi siku kumi na moja. Mkunga alikuwa amembatiza, kwa kuwa alimwona dhaifu. Wakamzika chini ya kichuguu chenye mupundu juu yake, kusudi wapate kukijua. Baadaye baba alihamishiwa mjini. Miaka 56 mama alikuwa hajarudi. «Katika basi,» alisema, «nani angesimamisha watu wote kwa ajili yangu? Nilisikia yule kijana akisema motokari ni yetu.»

Mmoja wetu akauliza mtoto aliitwaje. Mama akamtazama yaya. Lilikuwa jina lake yeye. Walimpa jina la marehemu, naye hakujua. Yaya wetu, mtu wa miaka zaidi ya 50, aliondoka akaenda kusimama uani.

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Safari hii tulipanda basi, kwa maana fedha zilikuwa zimekwisha. Tulishuka karibu na reli, na mama akatangulia na fimbo yake, nasi tukimfuata nyuma. Mwongozi alikuwa yeye. Kambi haipo tena, isipokuwa sakafu mbili za saruji zenye nyasi. Tulipita penye visiki vingi na tanuri la matofali lililokuwa bado na moto. Tuliogopa, wala hatukuthubutu kumwambia mama sababu. Tulikuwa tumefundishwa vizuri mahali matofali yanapotoka.

Kichuguu tulikikuta. Upande mmoja kilikuwa kimechimbwa hata nusu, udongo wake umekwisha kuwa nyumba ya mtu huko mjini, labda hata yetu. Lakini upande wa pili ulikuwa mzima, na mupundu ulikuwa umesimama juu yake. Mama alitafuta kwa miguu, polepole, akasimama, akasema: «Hapa.» Hapakuwa na alama yoyote. Yaya alipiga magoti katika vumbi kabla yetu sote. Tulisali Baba Yetu na Salamu Maria. Halafu mama akaokota matunda makavu ya mupundu yaliyobaki chini, akayafunga katika pindo la kikwembe.

Kabla ya kuondoka yaya alikwenda kwa wachoma matofali, akawaeleza. Walikuwa vijana watatu weusi kwa moshi, wenye watoto wa kulisha. Hawakubishana. Walisema upande ule hawataugusa, nao wakamsaidia kupanga matofali kumi na mawili kuwa msalaba chini. Alitaka kuwalipa matofali hayo, nao wakakataa. Mpaka sasa kila mwaka tunakwenda, na ahadi yao wameishika.

Wasomaji, hatusemi kwamba safari ile ya kwanza ilikuwa bure. Mwongozi alifanya kazi yake kwa akili na alistahili kila franka. Bila yeye tusingejua kichuguu ni nini, wala ziwa lilitoka wapi, wala mama asingesikia kwamba motokari ni yetu. Kosa lilikuwa letu. Tulikata safari kwa kipimo chetu, tukasahau kwamba ndani ya motokari kulikuwa na mtu mwenye kipimo chake, naye alikuwa ameijua nchi ile kabla ya mwongozi na kabla yetu. Miaka yote tulikaa naye meza moja, hatukumwuliza.

Basi, nanyi mkipata siku moja fedha za kukodi motokari na kwenda kutazama uzuri wa nchi, nendeni, ni jambo jema. Mwongozi atasimama pale mtakapomwambia. Lakini kabla hamjaandika karatasi yenu, mwulizeni kwanza yule mzee aliyekaa nyuma.