Ule mkahawa wa Mabela



Mnaouliza kama nimenunua ule mkahawa: sikununua. Mwenyewe aliniapia kuwa anauza riali 60 kwa siku. Nikenda kukaa pale siku tatu. Kumbe wateja karibu wote ni mafundi wa jengo la jirani, linalomalizika mwezi ujao. Hilo hakulitaja!

Rafiki yangu mwanasheria akaniambia Sheria ya Miamala ya Kiraia ya Oman, ya 2013, inahesabu hata kunyamazia jambo makusudi kuwa ni udanganyifu, ikithibitika kuwa mnunuzi angelijua asingenunua. Lakini kuthibitisha ndiyo kazi.

Nikamwambia muuzaji aandike maneno yake yote, atie saini. Mpaka leo simu yangu hapokei.

Mama, pesa zako za karafuu zipo.