Safari ya Kwanza Mkoani, Nyuma ya Kreni

Pemba nilifika mara ya kwanza kwa sababu ya kreni. Tulipewa kazi ya kupandisha jenereta la tani 4 juu ya msingi wake, kwenye mteremko wa mji wa Mkoani, nami nilikuwa mhandisi mgeni kazini. Kreni ilitangulia na meli ya magari. Sisi tulifuata usiku kutoka Malindi, Unguja, tukijibana kati ya magunia, magodoro na wanafunzi waliokuwa wakirudi makwao likizo.

Tulipoipita Nungwi, kusi likaanza kuitikisa meli na wazee wakanyanyua tasbihi. Katika maji hayo ndipo ilipozama meli ya Spice Islander, tarehe 10 Septemba 2011, ikielekea Pemba na abiria wengi kupita kiasi chake. Foromeni wetu, mtu wa makamo tuliyemwita Ami, alisema maneno machache tu: kila kinachobeba kina kiasi chake, na kiasi hupimwa kabla ya safari.

Asubuhi tuliona kisiwa cha Makoongwe, kisha gati, na juu yake mji uliopanda kilima. Hapo nikaelewa kwa nini Ami alisisitiza tuje na mbao nyingi. Kusini na mashariki mwa Unguja utakuta mwamba wa matumbawe karibu kila unapochimba, na mguu wa kreni hupata pa kukanyaga. Upande huu wa Pemba ni vilima vya udongo mzito, unaopendwa na mikarafuu lakini hubonyea ukishalowa. Na mvua ilikuwa imenyesha.

Tulikaa chini ya mwembe tukapiga hesabu. Kreni tani 24, mzigo tani 4, jumla 28. Mkono wa kreni ukielekea juu ya mguu mmoja, mguu huo unaweza kubeba robo tatu ya uzito wote, yaani tani 21. Sahani yake ilikuwa sentimita 40 kwa 40, kwa hiyo kila mita ya mraba ya ardhi ingekandamizwa kwa tani 131. Udongo ule hatukuuamini zaidi ya tani 10 kwa mita ya mraba. Tukaamua kila mguu ukae juu ya jukwaa la mita 1.5 kwa 1.5, mkandamizo ushuke hadi tani 9 na kidogo.

Kwanza tulichonga mteremko hadi ukawa bapa, tukamwaga kokoto na kuzishindilia. Juu yake tukalaza mihimili ya mbao ngumu safu mbili, ya pili ikikata ya kwanza. Ubao mwembamba haufai: hupinda katikati, kingo zake zikainuka, na eneo ulilolihesabu likabaki kwenye karatasi tu. Miguu tuliiweka mbali na handaki la msingi, kwa umbali usiopungua kina chake, ili ukingo usiporomoke.

Tukiwa tumekwisha panga, mzee mmoja fundi wa mashua alipanda kutoka pwani kutuangalia. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaonyesha jukwaa la upande wa juu.

“Wanangu, hapo palikuwa na choo cha zamani. Shimo limefunikwa, halikujazwa.”

Ami alichoma mtaimbo ardhini, ukazama bila kupingwa. Tuliisogeza kreni na kuanza upya. Mzee hakushangaa. Mashua ikipandishwa nchi kavu, alisema, gadi la kuiegemeza halisimamishwi bila kujua chini pana nini.

Siku ya kuinua, jenereta liliachwa likining'inia kidogo tu juu ya ardhi huku tukitazama pimamaji. Mguu wa upande wa bahari ulizama kidogo. Tukateremsha mzigo, tukaongeza kokoto, tukainua tena. Safari hii haukusogea, na jenereta likatua mahali pake.

Mwenye kazi alilalamika: mbao zote hizo na siku zote hizo kwa kazi ya dakika chache, tena zinaondolewa! Ami alimpeleka palipokuwa na choo, akamkabidhi mtaimbo ajaribu mwenyewe. Malalamiko yaliishia hapo.

Tangu hapo, nikiandaa makisio ya gharama, kazi za muda huzipa mstari wake: mbao, kokoto, vibarua, na muda wa kuwauliza wenyeji kabla kreni haijashushwa melini.