Moto Unaovuja

Hapa Kinyala, wilayani Rungwe, mvua ni nyingi, nayo haina huruma kwa nyaya. Pikipiki ya mjukuu wangu, iliyoongezewa keria ya chuma na taa za ukungu, ilikuwa ikizimika taa usiku mteremkoni. Nikamwita fundi umeme kutoka Tukuyu. Akafungua tangi, akapima waya mmoja mmoja, akasema: “Mwalimu, moto unavuja.”

Kwetu washairi, maji huvuja, moto huwaka. Kwake, moto hupita, hurudi, hukatika, huvuja. Na kila kitenzi humwonyesha pa kushika. Chini ya keria, chuma kilikuwa kimesaga ganda la waya. Akafunga nyaya zote upya, kila taa na fyuzi yake.

Sasa kijana anateremka akiiona njia. Ndugu washairi, tukitafuta msamiati, tusiipite gereji.