Mto Tana Ndani ya Karai

Nilizaliwa Kipini, Tana unakoingia Bahari ya Hindi, na ualimu ukanileta Garissa, kando ya mto uleule. Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia kama tulivyofundishwa sisi: Tana unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, una urefu wa kilomita 1,000 hivi, una mabwawa ya umeme. Watoto waliyakariri kama wimbo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mtihani wa KCPE ulipouliza, walijibu, wakapata alama zao, basi.

Mwaka 2024 mto ulifurika. Maji yalikata barabara ya kwenda Madogo, familia za kando ya mto zikahama, na shule kote nchini zikachelewa kufunguliwa hadi 13 Mei. Tuliporudi darasani, mvulana mmoja ambaye kwao palizama aliinua mkono.

"Mwalimu, maji yalipoingia kwetu jua lilikuwa linawaka. Mafuriko bila mvua yanatoka wapi?"

Jibu lilikuwa ndani ya wimbo wao wa mabwawa, ila hakuna aliyewahi kuyaona yakifanya kazi. Tukatoka nje. Tulichukua karai la mjengo, tukaliinamisha juu ya tofali, tukalijaza mchanga na kuchimba mfereji. Juu tukapanga mawe: Mlima Kenya. Katikati tukaziba mfereji kwa udongo wa mfinyanzi: Masinga. Chini tukasimamisha vibanda vya vijiti: Garissa. Msichana mmoja akanyunyiza maji mlimani kwa kopo lililotobolewa. Kwa muda bwawa liliyazuia yote, na vibanda vikabaki vikavu. Lilipojaa, maji yakapita juu ya ukingo, na Garissa ikazama bila kuangukiwa na tone hata moja.

Walipiga kelele hadi mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Wakataka kurudia, safari hii kwa masharti yao: tukipunguza maji ya bwawa kabla ya mvua, itakuwaje? Tukihamisha vibanda huku juu? Mfereji ukijaa mchanga, maji yatapita wapi? Kabla ya hapo, katika darasa langu, mwenye maswali alikuwa mimi.

Kilichonigeuza zaidi kilitokea tulipofikia maji ya ardhini. Visima virefu vya kambi za Dadaab, zilizoanza kujengwa 1991, huvuta maji kutoka tabaka la maji ya ardhini liitwalo Merti, ambalo lina ukanda wa maji baridi na pembeni yake maji ya chumvi. Nilikuwa naeleza hivyo ubaoni, na binti mmoja mkimya, wa familia ya wafugaji, akasema hilo analijua. Kwao kuna kisima cha watu, na kuna kisima ambacho maji yake huachiwa ngamia. Asichojua ni kwa nini. Tukamwagia maji mchanga uliochanganywa na chumvi, tukayachuja, tukayaweka juani kwenye sahani. Baada ya maji kukauka, ukoko mweupe ulibaki. Yeye ndiye aliyewaeleza wenzake: maji yakikaa sana ardhini huyeyusha chumvi ya udongo.

Tangu siku hiyo somo langu huanza kwa kuuliza nyumbani wanasemaje. Watoto hawa wanajua mahali pa kuchimba kwenye laga, yaani mto wa msimu, ukiwa mkavu ili kupata maji, na wanajua udongo upi hunasa miguu ya ng'ombe. Kazi yangu ni kuwapa njia ya kuujaribu ujuzi huo na kuona sababu yake. Chupa za plastiki zilizokatwa tumezifanya vipima mvua, na vikundi hupokezana kuandika daftari la mvua za gu (masika) na deyr (vuli).

Redio ikitangaza kwamba Masinga imejaa, wanafunzi wangu hawangoji kuona wingu juu ya Garissa. Wanawaambia wazazi wao waondoe mbuzi kando ya mto, na wanaweza kuwaeleza sababu.